Je, wangeweza kukataa? Maadili ya utafiti kati ya Batwa wa Kivu

Mtafiti anayetoka Bukavu, huku mashariki mwa Kongo, kwenda kuwauliza maswali Batwa wa Kabare au Kalehe, jamii asilia ya msituni ambayo wengine huiita Mbilikimo, huondoka na karatasi moja, akafika na mihuri mingi. Chuo kinampa ordre de mission, barua ya kumtuma kazini. Ofisi ya teritware, yaani ya wilaya, inaigonga muhuri. Watu wa usalama nao wanataka kuiona. Inapita kwa mwami, mtawala wa jadi, au kwa anayemwakilisha, inashuka kwa chefu wa grupma (kundi la vijiji), halafu kwa chefu wa kijiji, na kama maswali yanagusa msitu, Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega ina kibali chake cha pembeni. Hapa na pale ataombwa madesu ya bana, yaani kitu kidogo. Anapofika kambini wanakoishi Batwa jua limepanda, mfuko umepungua, na katika safari yote hiyo ya karatasi hakuna Mutwa hata mmoja aliyeulizwa kama anataka kuhojiwa.

Kisha chefu anakusanya watu na kuwaambia: hawa ni wageni wetu, tumekwisha kuwapokea, muwasaidie. Msaidizi wa utafiti anatoa fomu ya ridhaa, kurasa nne za Kifaransa, anaifasiri harakaharaka, halafu anamgeukia mama wa kwanza: "Mama, unaitika tuongee?" Jibu analijua kila aliyewahi kufanya kazi ya anketi, ya kuhoji watu, huku kwetu: "Chefu ameisha itika, mie nitakatala namna gani?" Kidole gumba kinachovya wino, fomu inarudi kwenye bahasha, na huko chuoni kamati itaandika kwamba ridhaa imepatikana.

Haikupatikana. Kilichopatikana ni ruhusa ya wenye mamlaka juu ya mahali. Ridhaa hutolewa na yule atakayebeba matokeo, na hapo mbebaji ni mama huyo na majirani zake. Miongozo ya maadili ya utafiti katika jamii asilia ni mingi, na mingine imeandikwa kwa lugha inayowachosha hata wanasheria. Ila ukiichambua, karibu yote inarudi kwenye swali moja: je, watu hawa wangeweza kukataa, na baada ya kukataa wakalala salama?

Kanuni za kale za utafiti hazikulitazama swali hilo kwa upana. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 zilizaliwa kwenye kesi ya madaktari wa Kinazi, na Azimio la Helsinki la 1964 liliandikwa na madaktari kwa ajili ya madaktari. Zote mbili zinamtazama mtu mmoja mmoja: mgonjwa huyu, mwili huu, sahihi hii. Ni kanuni nzuri, na bado zinatumika. Lakini zinadhani kwamba madhara ya utafiti humpata yule aliyetia sahihi. Jamii asilia zimejifunza kwa uchungu kwamba yanaweza kuupata ukoo mzima, hata wale ambao hawakuwahi kumwona mtafiti.

Sisi Wakongo tuna mfano wa aibu katika historia hiyo. Ota Benga, kijana wa msituni kutoka Kongo, alipelekwa Marekani kwenye maonyesho ya dunia ya St. Louis mwaka 1904. Idara ya anthropolojia ya maonyesho hayo ndiyo iliyotaka "Mbilikimo" wa kuonyesha na kupima. Mwaka 1906 akawekwa kwenye nyumba ya nyani katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, watu wakilipa nauli kwenda kumtazama. Alijiua mwaka 1916. Shirika linaloendesha bustani hiyo liliomba radhi mwaka 2020, zaidi ya karne moja baadaye. Waliomweka pale hawakuwa wahuni wa mitaani. Walikuwa wasomi, nao walijiita wanasayansi.

Mfano unaofundishwa zaidi darasani leo ni wa Wahavasupai, jamii asilia inayoishi ndani ya bonde kuu la Arizona, Grand Canyon. Kuanzia mwaka 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walichukua damu yao. Kisukari kilikuwa kimewaandama, nao wakaelewa kwamba damu inatolewa kwa ajili ya kisukari. Mwaka 2003 mmoja wao alihudhuria utetezi wa tasnifu chuoni hapo na kugundua kwamba damu hiyohiyo imekuwa ikitumika kutafiti mambo mengine. Ilitumika kwa skizofrenia, ndoa za ndugu kwa ndugu, na asili ya wahenga wao, jambo lililogongana na simulizi yao wenyewe ya chimbuko lao bondeni. Kesi ilimalizika nje ya mahakama mwaka 2010: dola 700,000 kwa watu 41, na damu iliyobaki kwenye friji ikarudishwa kwa wenyewe.

Huenda ukasema fomu waliyotia sahihi ilitaja magonjwa kwa ujumla. Ndiyo, maneno yake yalikuwa mapana, na chuo kilijitetea kwa hilo. Lakini hapo ndipo pa kujifunza. Sahihi iliyotolewa mara moja, juu ya maneno mapana, haimpi mtu nafasi ya kukataa matumizi asiyoyajua. Ndiyo maana siku hizi miongozo mingi ya utafiti katika jamii asilia inadai kwamba kila matumizi mapya ya sampuli yarudi kuombwa upya.

Afrika nayo haikukaa kimya. Mwaka 2010 jarida moja kubwa la kisayansi lilichapisha vinasaba vya wazee wanne kutoka Namibia, wa Wasan, jamii asilia ya kusini mwa Afrika. Wazee walikuwa wamekubali, mmoja mmoja. Viongozi wa Wasan wakalalamika kwamba wao hawakuulizwa, na kwamba kinachosemwa juu ya vinasaba vya wazee wanne kinasemwa juu ya Wasan wote. Kabla ya hapo walikuwa wamepitia mambo ya hoodia, mmea wa jangwani ambao wawindaji wao waliutafuna ili kuzuia njaa. Taasisi ya utafiti ya serikali ya Afrika Kusini iliuwekea hataza katikati ya miaka ya 1990 bila kuwauliza, na ni mwaka 2003 tu ndipo ulipotiwa sahihi mkataba wa kuwapa Wasan asilimia 6 ya mrabaha wa taasisi hiyo. Machi 2017 Wasan wa Afrika Kusini wakazindua kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti. Zinadai heshima, ukweli, haki na kujali, na zinataka kila mradi upitie baraza lao kabla ya kuanza. Atakayezivunja anaweza kufungiwa mlango, yeye na taasisi iliyomtuma. Ni kurasa chache, lugha nyepesi. Mwanafunzi yeyote anaweza kuzimaliza akinywa chai.

Kwa upande wa sheria za kimataifa, nguzo ni Tamko la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Jamii Asilia, lililopitishwa tarehe 13 Septemba 2007 kwa kura 144. Nchi nne zilipinga: Marekani, Kanada, Australia na New Zealand. Zote nne zilibadili msimamo baadaye. Kenya na jirani zetu wa Burundi hawakupiga kura upande wowote. Kongo ilipiga kura ya ndiyo. Tamko hilo ndilo lililoeneza ile ridhaa ya vipengele vitatu: iwe huru, itangulie kazi, na itolewe na watu wenye taarifa kamili. Huku kwetu kila mtu wa ONG, shirika lisilo la kiserikali, anaiita CLIP, kwa herufi za Kifaransa, na utasikia kabisa mtu akisema "tumeisha fanya CLIP Jumanne", kana kwamba ni chanjo. Mkutano wa saa mbili, orodha ya waliohudhuria, picha ya pamoja, soda. Kisha kazi inaanza Jumatano.

Tuvichukue vipengele hivyo hapa Kivu ya Kusini, kimoja kimoja, maana ugumu wake hauko kwenye karatasi.

Huru. Ili mtu awe huru kukataa lazima awe na mahali pa kusimama. Batwa wengi wa Kabare na Kalehe hawana shamba. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, kutoka kilomita za mraba 600 hadi takriban 6,000, na Batwa walioishi katika sehemu ya milimani walifukuzwa bila fidia. Tangu hapo wanakaa kwenye vipande vya ardhi vya watu wengine, wakilima kwa kutwa. Kiwanja cha kambi mara nyingi ni cha mkulima jirani au cha chefu aliyewakubalia kukaa. Sasa chefu huyohuyo ndiye anayemleta mtafiti. Mama akikataa, hamkatalii mwanafunzi wa Bukavu ambaye kesho atapanda pikipiki na kurudi mjini. Anamkatalia mwenye kiwanja.

Wala usidhani kwamba ukikwepa chefu umelitatua. Huwezi kuingia kijijini bila yeye, na hupaswi: ni utovu wa heshima, na ni hatari kwako na kwa wenyeji wako. Watafiti wenye busara hufanya mambo mawili. Salamu na mihuri wanaimaliza siku moja, na mazungumzo na Batwa wanayaanza siku nyingine, bila chefu na bila gari la shirika. Na kabla ya kuuliza swali lolote la utafiti, wanauliza lile linalosahaulika: nyinyi wenyewe mkiwa na jambo kubwa la kuamua, mnakaa vipi, na nani lazima awepo? Kambi nyingine watakuambia mzee fulani. Nyingine watasema akina mama wakae peke yao kwanza. Nyingine watasema hawawezi kuamua bila ndugu zao wa kambi ya ng'ambo ya mto. Jibu hilo ndilo ratiba yako. Kama ratiba ya mfadhili hairuhusu, basi ratiba ya mfadhili ndiyo yenye kasoro.

Kuna na wale wanaosema kwa niaba ya Batwa kutoka Bukavu: mashirika ya utetezi, baadhi yakiongozwa na Batwa wenyewe, mengi yasiongozwe nao. Yamefanya kazi kubwa. Bila mashirika kama hayo kesi ya Batwa wa Kahuzi-Biega isingefika kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, ambayo uamuzi wake uliotangazwa mwaka 2024 uliona kwamba serikali imevunja haki zao. Wala pengine tusingekuwa na sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inayolinda haki za watu wa jamii asilia wa Kibilikimo nchini mwetu, pamoja na haki yao juu ya ardhi na maliasili. Lakini ofisi ya ONG yenye jenereta na mpango wa miaka mitatu ina maslahi yake. Ni mlango mzuri wa kuingilia. Kuifanya mdomo wa kambi ni kosa.

Kutangulia. Hapa mambo ni mepesi kueleza: ukija na maswali yaliyokwisha kuchapwa, bajeti iliyokwisha kugawanywa na tarehe ya kumaliza, umechelewa. Kitu pekee kilichobaki cha kukataa ni wewe mwenyewe.

Taarifa kamili. Hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu mtafiti mwenyewe mara nyingi hajui hatari ya swali lake. Chukua swali ambalo limo kwenye madodoso mengi ya mazingira: "Je, nyumba hii inachoma makaa? Miti mnaitoa wapi?" Kwa mwanafunzi wa misitu ni swali la kawaida. Kwa Mutwa anayeishi kandokando ya hifadhi, jibu la kweli ni kukiri kosa la jinai. Tangu baadhi ya Batwa waliporudi ndani ya hifadhi mwaka 2018, mivutano na walinzi imemwaga damu, na maswali ya nani anakata miti yanatumika kama hoja na kila upande, hata mezani kwa wafadhili wa Ulaya. Utafiti unaoandika "Batwa wanachoma makaa" bila kueleza nani ananunua, nani analipia upanga, na nani anapitisha gunia kwenye kizuizi cha barabara, una sura ya takwimu na kazi ya shtaka.

Kuficha majina hakutoshi hapo. Andika "chefu wa kambi ya Batwa iliyo karibu na soko fulani, mwenye umri wa miaka 60", na kila mtu kuanzia sokoni hadi kituo cha walinzi atamjua. Kambi ya nyumba ishirini haina pa kujificha ndani ya takwimu. Kwa hiyo miongozo ya jamii asilia inazungumzia madhara ya kundi: hata kama hakuna mtu aliyetajwa, kambi yote inaweza kulipa. Dawa yake ni ya kazi, ya jasho. Unaketi na watu kabla ya kuanza, unawapitisha maswali yako yote, na kuwauliza: hili likiandikwa na likasomwa na msimamizi wa hifadhi, au na mwenye shamba, litawaletea nini? Yale wanayosema yaondolewe, yaondoke. Mwalimu wako atalalamika kwamba data zimepungua. Mwache alalamike.

Utaratibu huohuo unarudi mwishoni, kabla ya kuchapisha. Unarudisha ulichoandika, unakisoma kwa lugha wanayoisikia, ambayo kwa Batwa hutegemea wanaishi na nani: Mashi kwa Kabare, Kihavu upande wa ziwa na Idjwi, Kitembo upande wa Bunyakiri, na Kiswahili cha sokoni kila mahali. Wanaweza kusahihisha. Je, wanaweza kufuta? Wengi wa watafiti hapa hushtuka: je, jamii isipopenda matokeo, ukweli ufukiwe? Nionavyo mimi, ufafanuzi wako unabaki wako, na kama hamkubaliani, andika kwamba hamkubaliani, na sauti yao iwemo kwa maneno yao. Lakini siri zao, mahali pao patakatifu, majina ya dawa zao, na habari zinazoweza kuwapeleka jela, hizo ni mali yao. Hapo neno lao ndilo la mwisho.

Dawa za miti ni sura nyingine. Mtaalamu wa mimea akitembea na mzee wa Kitwa msituni, akaandika jani gani linatibu nini, amebeba elimu ya vizazi ndani ya daftari la dola mbili. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa uliopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, na ambayo Kongo ni mwanachama wake, inataka makubaliano ya kugawana faida yafanywe kabla ya elimu hiyo kuchukuliwa. Hoodia ilionyesha jinsi inavyokuwa vigumu kuyadai baadaye. Mkoa wetu una Lwiro, kituo cha utafiti wa sayansi asilia ambacho mizizi yake ni ya wakati wa Wabelgiji, na una vyuo vikuu kadhaa, kwa hiyo hili si jambo la wageni tu. Mwanafunzi wa famasia wa Bukavu naye anachukua.

Na pesa? Kamati nyingi za Ulaya huogopa malipo, zikisema yanamnunua mtu. Sawa, dola hamsini mikononi mwa mtu mwenye njaa si mwaliko, ni amri. Lakini anayelima kwa kutwa, ukimkalisha saa tatu, umemnyima fufu (ugali) ya jioni. Kutomlipa chochote ni kumfanya maskini agharamie shahada yako. Njia ya kati ipo: fidia ya muda inayolingana na kutwa ya shamba, ileile kwa wote, itangazwe mapema, na apewe hata yule aliyesimama katikati ya maswali akasema basi, imetosha. Hilo la mwisho ndilo kipimo. Kama sabuni na chumvi hutolewa baada ya swali la mwisho tu, mtu hawezi kuondoka kwenye swali la tano.

Juu ya data zenyewe, kuna kanuni mbili zinazotajwa sana. Mataifa ya Kwanza ya Kanada walitoa zao mwaka 1998, zikisema data za jamii zimilikiwe, zisimamiwe, zifikiwe na zishikwe na jamii yenyewe. Mwaka 2019 muungano wa kimataifa wa data za jamii asilia ukatoa nyingine zijulikanazo kama CARE, zinazodai manufaa ya pamoja, mamlaka ya jamii juu ya data zake, uwajibikaji na maadili. Kwetu suala hilo halina nadharia nyingi. Simu ya kuhojia inaweza kuandika GPS ya kila nyumba bila wewe kujali. Goma ilipobadili mikono mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, kila aliyekuwa na kompyuta yenye majina, namba za simu na ramani za kambi alilazimika kujiuliza kitakachotokea ikianguka mikononi mwa asiyejulikana. Swali la "data zitakaa wapi na nani atazifungua" liulizwe kabla ya safari, kwa kudhani kwamba wenye mamlaka wa leo huenda wasiwe wa kesho. Mahali pengi jibu bora ni kutozikusanya kabisa.

Mtu mmoja husahaulika katika miongozo karibu yote: msaidizi wa utafiti. Ndiye anayefasiri, anayejua barabara ya Bunyakiri ina nini wiki hii, anayebaki hapa profesa akisharudi Ulaya. Watafiti wa Bukavu wameyaandika haya waziwazi katika miaka ya karibuni: kazi bila mkataba, bila bima, jina lisitokee kwenye makala. Naye anahitaji uwezo wa kukataa. Akiona kambini hali si nzuri, watu wanajibu kwa hofu, lakini analipwa kwa idadi ya madodoso yaliyojazwa, atayajaza. Umlipe kwa siku, na umpe haki ya kusimamisha kazi bila kukatwa hata franga moja, ndipo utaona ridhaa ya kweli ikianza kupatikana kambini.

Linabaki swali la wanafunzi wetu, ambao ndio wengi kati ya watafiti wanaofika makambini. Mwanafunzi ana miezi michache, mfuko mwembamba, na jury, jopo la watahini, inayongoja kurasa. Kambi ikimkatalia, atafanya nini? Leo atahamia kambi iliyo karibu na barabara, ile iliyokwisha kuhojiwa na kila mtu, ambako watu wamejifunza majibu. Vyuo vingeweza kubadili hilo bila senti ya mfadhili. Kamati ya maadili idai kwenye kila pendekezo aya moja inayoeleza mtafiti atafanya nini akikataliwa, na jury ikubali tasnifu ambayo sura yake moja inasema: tulifika, tukaeleza, wakasema hapana, na sababu walizoturuhusu kuziandika ni hizi.